Imani, amana, dhamana: Maneno matatu yanayowagombanisha ndugu

Na MWANDISHI WETU

KATIKA kesi nyingi za mashamba zinazofikishwa mahakamani hapa nchini, kuna sentensi moja ambayo haikosi kutajwa. Mjane huitamka, mpwa huitamka, na kitindamimba aliyefukuzwa na kakake mkubwa huitamka pia: "Sisi tulimwamini tu."

Wakili wa upande wa pili huipenda sana sentensi hiyo. Humgeukia shahidi na kumuuliza kwa upole kama waliandikiana. Shahidi hushangaa. Nani huandikiana na ndugu yake?

Lakini ukichunguza vizuri utaona kwamba karatasi siyo kitu pekee kilichokosekana. Neno lenyewe halikuwa lile. Kumwamini mtu ni jambo moja, kumwekea amana ni jingine, na kumdhamini ni la tatu. Kiswahili kimezitenga hali hizi kwa maneno mbalimbali tangu zamani. Ajabu ni kwamba Mkenya wa leo, ambaye nusu ya mambo yake huyafikiri kwa Kiingereza, amezoea kuyafunga yote katika kifurushi kimoja kiitwacho "trust", halafu akifungua kifurushi hicho nyumbani anashindwa kujua alichopewa.

Mwingereza akimwambia mkewe kwamba hana shaka naye, hutumia neno hilo. Mali ya mayatima inayosimamiwa na mjomba wao huiita hivyo hivyo. Hata mwenye duka akikupa sukari leo ili ulipe mwisho wa mwezi, atasema amekupa kwa neno lilo hilo. Nasi tukalipokea pamoja na mabango yake. Miaka ya 1990 lilikuwa juu ya milango ya Trust Bank, benki ambayo Septemba 1998 Benki Kuu iliiweka chini ya usimamizi wake, wateja wakabaki nje wakitazama kufuli. Lilikuwa katika sheria za ardhi, ambako maeneo makubwa ya wafugaji yaliitwa "trust land". Na lilikuwa, kunradhi mzazi unayesomea gazeti hili mbele ya watoto, kwenye pakiti za kondomu zilizouzwa katika kila duka la dawa. Neno linaloweza kukaa mahali pote hapo bila haya linastahili kuchunguzwa.

Ya moyoni

Amini, imani, amana, mwaminifu, muumini na hata amani ni watoto wa mama mmoja. Yote yametokana na mzizi wa Kiarabu unaobeba fikira ya usalama, yaani kuwa mahali ambapo huna hofu. Hata ile "amina" tunayofungia sala ni jamaa yao. Lakini watoto wa mama mmoja si lazima wawe na tabia moja.

Imani, kwa mfano, hukaa moyoni na haihitaji shahidi. Pwani ina maana nyingine ambayo wengi wa bara hawaijui. Ukisikia Mombasa au Lamu kwamba fulani hana imani, usidhani haendi msikitini wala kanisani. Wanasema hana huruma, kwamba anaweza kumpita mgonjwa njiani asigeuze shingo. Kwa hivyo mtu wa imani ni yule anayeamini na pia yule anayehurumia, na sidhani Waswahili waliziweka maana hizo mbili katika chungu kimoja kwa bahati tu.

Tatizo la kuamini ni kwamba hakusemi mpaka wake uko wapi. Mama humwamini mwanawe wa miaka kumi kwamba hasemi uongo, lakini hampi kitambulisho chake cha taifa akamchukulie pesa mjini. Akisema "Namwamini mwanangu" amesema kweli, ila hajasema amemwamini kwa lipi. Ndugu wanaoachiana mashamba kwa neno hilo peke yake huacha swali hilo bila jibu, na mara nyingi jibu huja kutolewa na watoto wao, wakati wazee wote wawili wamekwisha kuzikwa.

Majirani wa neno hili nao wana kazi zao. Kusadiki ni kwa maneno: unaweza kusadiki habari uliyoletewa na mlevi ikiwa moshi wenyewe unauona. Itibari ni ya mbele ya watu. Mfanyabiashara mwenye itibari hupewa bidhaa kwa mali kauli, auze kwanza alipe baadaye, na asiye nayo hulipa papo hapo hata kama moyoni ni mtu mwema kuliko wote sokoni. Kutegemea ni kama kuuegemea ukuta. Ukuta hauna uaminifu wala hila, nawe huuegemei kwa kuupenda. Wake wengi huwategemea waume ambao hawawaamini hata kidogo, na wanaume nao vivyo hivyo, jambo ambalo wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kufundishwa.

Vijana wa mjini wameongeza lao. Mwenzao akifanya jambo la kusifiwa hupigiwa kelele ya "Aminia!" Wanasarufi huguna, lakini neno halina kosa. Kuaminia ni kitenzi kikamilifu, na hapo kimebeba kitu ambacho "nakuamini" imekikosa: kwamba mtu ameaminiwa kwa jambo fulani lililoonekana.

Kitu cha mwenyewe

Amana ni tofauti kabisa, kwa kuwa amana ni kitu. Unaweza kukihesabu, kukifungia sandukuni na kukirudisha. Na kina mwenyewe, ambaye siyo wewe.

Kwa wazee wa Pwani, waliochukua kanuni zao katika sheria ya Kiislamu, mambo ya amana yalikuwa wazi. Msafiri akikuachia kanda la tende au kito cha dhahabu, kazi yako ni kukitunza kama unavyotunza chako. Kikiibwa bila uzembe wako, hulipi. Lakini ukikigusa, ukauza nusu ya tende ukitarajia kununua nyingine kabla hajarudi, hapo mambo yamegeuka. Sasa unawajibika kwa kilichopotea hata kama kimepotea kwa mafuriko. Nia yako njema haihesabiwi.

Kanuni hiyo ingetundikwa ukutani katika kila chama cha akina mama, vile vyama vya mzunguko ambavyo vimejenga nyumba na kusomesha watoto nchini kote. Mweka hazina wa chama anashika amana. Akichukua elfu tano kulipa karo Jumatatu na kuzirudisha Ijumaa, hakuna atakayejua. Ila tangu Jumatatu hadi Ijumaa pesa zile zilikuwa zimebadilika jina bila wenyewe kuulizwa, zikawa mkopo. Vyama vingi vilivyovunjika havikuanza na mwizi. Vilianza na mtu mwaminifu ambaye hakuona tofauti ya maneno hayo mawili.

Wafugaji nao wana namna yao. Katika jamii nyingi za Bonde la Ufa na kaskazini, mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote boma moja. Aliwapeleka wengine kwa rafiki wa mbali, ili ukame au maradhi yakipiga upande huu, upande ule ubaki na mbegu. Rafiki alikunywa maziwa, ndama wakabaki wa mwenyewe. Hapakuwa na hati, lakini mashahidi walikuwapo, na kila ndama alijulikana mama yake.

Sasa hapa pana jambo litakalomshangaza msomaji. Benki zetu huziita pesa za wateja "amana", na kuna hata bima ya amana, ambayo tangu Julai 2020 humlinda mteja hadi Sh500,000 benki yake ikianguka, kutoka Sh100,000 za awali. Lakini kisheria pesa zako zilizo benki si amana hata kidogo kwa maana ya wazee. Tangu uamuzi maarufu wa Uingereza wa mwaka 1848, ambao nasi tumeurithi, pesa unazoweka katika akaunti ya kawaida huwa mali ya benki. Wewe ni mdai, umeikopesha, nayo inaweza kuzikopesha kwa mwingine kesho asubuhi. Ndiyo sababu benki ikifungwa, wateja hupanga foleni ya wadai.

Pesa za kwenye simu, ambazo wazee wengi walizitilia shaka M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ndizo zilizo karibu na amana halisi. Kampuni ya simu haiwezi kuzifanya zake. Zinashikwa na kampuni nyingine, M-Pesa Holding, kwa niaba ya wateja, na kuwekwa katika benki mbalimbali, na kanuni za mwaka 2014 za malipo ya kitaifa zinalazimisha huduma kama hizo kutenga pesa za watu namna hiyo. Mama mboga mwenye Sh300 katika simu yake ni mwenye amana. Jirani yake mwenye milioni benki ni mkopeshaji.

Sahihi tu

Dhamana ndilo neno hatari kuliko yote, na hapa Kiswahili chenyewe hakina cha kujivunia. Tumelalamika kwamba Kiingereza kimelibebesha neno moja mizigo mingi, kumbe nasi tumemfanya mdhamini kuwa watu watatu.

Wa kwanza ni yule anayekwenda kortini kumtoa mshtakiwa. Katiba ya 2010 inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana ila pakiwa na sababu nzito za kumzuia, na mara nyingi ni mjomba au shangazi anayepeleka hati ya shamba. Mshtakiwa akitoroka, shamba linaweza kwenda. Wa pili ni mwanachama wa bodi ya wadhamini, awe wa kanisa, wa shule au wa hazina ya wafanyakazi. Huyo anashika mali ya wengine na haruhusiwi kuigusa kwa faida yake. Wa tatu ni kampuni inayowanunulia wanasoka jezi na kuchora jina lake kifuani. Huyo wa tatu hatoi ahadi ya kurudisha chochote, anatangaza biashara. Mmoja anaweza kupoteza mali yake, mwingine anatunza mali isiyo yake, na mwingine anagawa mali yake apendavyo, na wote watatu tunawaita wadhamini.

Kisha anakuja mwenzako wa ofisini na fomu ya chama cha akiba na mikopo. "Mwalimu, nisaidie hapa. Ni sahihi tu." Unatazama pale palipoandikwa mdhamini, nawe kwa kuwa unamjua vizuri, mmefundisha pamoja miaka minane na mkewe ni rafiki wa mkeo, unatia sahihi. Umefikiri umeulizwa kama ni mtu mzuri. Fomu haikuuliza hivyo. Imeuliza kama utalipa yeye asipolipa, na akiba yako imefungwa mpaka deni lile liishe. Akihamia shule nyingine au akiachishwa kazi, utakuja kuona katika karatasi yako ya mshahara tarakimu usizozifahamu. Mkopo wa harusi wa mwenzio umekuwa matanga yako.

Yapo maswali mawili ambayo afisa wa mikopo hulazimika kuyajibu mwanachama akiuliza: ninadhamini kiasi gani cha deni hili, na nitaruhusiwa lini kujitoa? Wachache huuliza. Tunaona haya, kwa kuwa swali la pesa tumelifanya kuwa swali la moyo, tukidhani anayeuliza kiasi ameonyesha hamwamini mwenzake. Hilo si kweli. Unaweza kumwamini mtu asilimia mia na bado ukakataa kumdhamini, kwa sababu huna pesa hizo. Aliyekukasirikia kwa hilo amechanganya maneno.

Jina la kaka mkubwa

Turudi mashambani, maana huko ndiko maneno haya yamemwaga machozi mengi zaidi.

Mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ilianza mpango wa Swynnerton wa kukusanya vipande vya ardhi vya Waafrika na kuvitolea hati. Fomu ilitaka jina. Baba alikuwa amefariki au yuko kizuizini, wadogo walikuwa shuleni au migongoni mwa mama zao, kwa hivyo jina la kifungua mimba likaandikwa. Hakuna aliyedhani kwamba shamba limekuwa lake. Kwa Wakikuyu mtu wa namna hiyo alikuwa na jina, muramati, yule anayetunza ardhi kwa niaba ya nyumba nzima na kuwaonyesha wengine mahali pa kulima. Alishika amana.

Sheria ya 1963 ya ardhi iliyosajiliwa ikaja na lugha nyingine. Aliyeandikwa katika hati ndiye mwenye kumiliki, basi. Kulikuwa na kifungu kidogo kilichosema kwamba kuandikishwa hakumwondolei mtu wajibu wake ikiwa anaishika ardhi kwa ajili ya wengine, lakini majaji hawakukubaliana kilimaanisha nini. Wapo waliosema kwamba mila ilikoma siku hati ilipotolewa. Wengine wakasema kaka mkubwa bado ni mtunzaji tu. Miaka ya 1970 ndugu wawili wenye kisa kile kile wangeweza kupata hukumu mbili tofauti, kutegemea walisimama mbele ya nani.

Wakati huo huo kaka mkubwa alikuwa akizeeka. Yeye mwenyewe alijua. Aliwaacha wadogo zake wajenge, akaketi nao katika sherehe. Lakini wanawe walikuwa wameona hati tu, na katika hati kuna jina la baba yao peke yake. Visa vingi havikuanzishwa na yule aliyepewa amana. Vilianzishwa na kizazi kilichorithi karatasi bila kurithi habari yake.

Oktoba 2018 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya namna hii iliyotoka Meru, na kila familia yenye shamba la ukoo ingefaa kuujua uamuzi huo. Majaji walisema kwamba wajibu wa kimila wa kuwashikia wengine ardhi haukufutwa na hati. Anayedai hahitaji hata kuwa anaishi juu ya shamba lile. Anachotakiwa ni kuthibitisha kwamba kabla ya kusajiliwa ardhi ilikuwa ya familia, ukoo au kundi, kwamba yeye ni wa familia hiyo na uhusiano wake si wa mbali mno, kwamba angestahili kuandikwa lau si jambo fulani lililozuia, na kwamba anayemdai naye ni wa ukoo huo huo. Kwa hivyo aliyekuwa mtoto mgongoni mwaka 1958 hakupoteza haki kwa kuwa mdogo.

Nimeona uamuzi huo ukitajwa kwa Kiswahili kama "udhamini wa kimila". Sikubaliani. Kaka mkubwa hakumdhamini mtu. Ukisema "imani ya kimila" ndiyo utapotea kabisa, watu watafikiri unazungumzia matambiko. Ni amana ya kimila, na neno hilo hata mzee asiyejua kusoma analielewa, kwa kuwa amana lazima irudi kwa mwenyewe.

Lile neno "trust land" nalo lilipata msiba kama huo. Mabaraza ya wilaya yaliyotakiwa kuwashikia wenyeji ardhi yao yaliigawa kana kwamba ni yao, na ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 iliwataja madiwani miongoni mwa walioiharibu kuliko kuilinda. Katiba ya 2010 ikaiita ardhi ya jamii, na sheria yake ikapitishwa 2016. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 73, inasema mamlaka ya afisa wa serikali ni kitu alichokabidhiwa kwa niaba ya umma. Wanasiasa wetu hupenda kusimama jukwaani na kusema wamepewa dhamana. Wangesema amana, wangekumbuka kwamba kuna siku ya kurudisha.

Ploti ya dada aliye Ghuba

Siku hizi kisa kimebadilisha mavazi. Dada yuko Saudi Arabia au Qatar akifanya kazi za nyumbani, kaka yuko Marekani akiendesha lori, na kila mwezi pesa zinafika kwa simu kwa aliyebaki nyumbani ili anunue ploti na kuanza msingi. Ujumbe unaoziandamana ni mfupi: "Kaka, nimetuma. Nakuamini."

Ujumbe huo hausemi kama pesa ni zawadi, mkopo au amana. Mkataba wa ploti unaandikwa kwa jina la aliyeko, kwa sababu ndiye aliye na kitambulisho mkononi. Mahakama inaweza kuja kusema kwamba ardhi iliyonunuliwa kwa pesa za mmoja na kuandikwa kwa jina la mwingine inashikwa kwa niaba ya mwenye pesa, lakini mwenye pesa ndiye wa kuthibitisha nia hiyo, na nia ya mwaka 2015 ni vigumu kuithibitisha kwa risiti zisizo na maneno.

Njia zipo, na si lazima ziwe za matajiri. Sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 inaruhusu anayeshika kwa niaba ya mwingine aandikwe hivyo katika sajili yenyewe. Mwenye haki anaweza pia kuweka zuio kwa msajili, ili ardhi isiuzwe bila yeye kuarifiwa. Familia zenye mali nyingi zaidi zinaweza kuunda chombo cha kuzishikia watoto mali hiyo, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yametambua vyombo hivyo vya familia waziwazi.

Na kabla ya wakili, kuna ile ile simu. Dada anaweza kuandika: "Kaka, hizi ni za ploti yangu ya Kitengela. Ni amana, si mkopo wala zawadi. Iandikwe kwa jina langu, nakala ya kitambulisho changu unayo. Nijibu umezipokea." Kaka atajibu kwamba amezipokea. Dada asiufute ujumbe huo, na siku akibadilisha simu, auhamishe kwanza.